Desemba ya Wachaga si ya nyama na mbege pekee

Msomaji mpendwa, iwapo umewahi kuishi jirani na Mchaga katika jiji la Dar es Salaam au Arusha, bila shaka umeviona vituko vya mwezi wa Desemba. Kuanzia wiki ya pili hivi mtu huyo hatulii. Ananunua mchele, sukari, mablanketi na viatu vya watoto, na ukimwomba mkopo atakwambia umechelewa. Ifikapo tarehe 20, mabasi ya kwenda Moshi yamejaa pomoni na watani wanasema kwamba sasa jiji limepata nafasi ya kupumua. Garimoshi la abiria liliporejea kati ya Dar es Salaam na Moshi mwezi wa Desemba 2019, baada ya kukosekana kwa zaidi ya miaka 20, wengi hawakushangaa kwamba lilirejea mwezi huo na si mwingine.

Nasi Wakenya tuna desturi ya kwenda mashambani Krismasi. Kwa hivyo nilipoolewa na mwanamume wa Marangu, kwenye miteremko ya Mlima Kilimanjaro, nilidhani hakuna jipya nitakaloliona huko. Tutakwenda, tutachinja, tutakula, tutarudi Nairobi mifuko ikiwa mitupu. Waama, aliyesema tembea uone hakukosea.

Nitakusimulia kisa chenyewe, na nakuomba usinihukumu mapema, kwa maana mimi pia nimo.

Mwaka 2012 tulikuwa tukipanga nyumba Nairobi, karo ya watoto ikitukaba koo. Baba mkwe alikuwa na kihamba chake Marangu. Kihamba, kwa Wachaga, ni lile shamba la ukoo ambamo nyumba, migomba, mibuni, zizi la ng'ombe na makaburi ya mababu hukaa pamoja. Upande mmoja wa kihamba hicho ulipakana na barabara, na palikuwa na mtu aliyetaka kuununua kwa bei nzuri. Mume wangu akaenda kumweleza baba yake. Alitaka mibuni ya upande ule ing'olewe, kwa kuwa kahawa haikuwa na faida tena, na sehemu hiyo iuzwe.

Mzee alikataa. Maneno yakazaa maneno. Mume wangu akatamka kwamba ploti iliyojaa makaburi hailipi karo ya mtu. Mzee naye akamwambia asikanyage tena pale mpaka atakapokumbuka ni mababu wa nani waliolala mle.

Asikanyage, naye hakukanyaga. Zilipita Desemba sita. Kila mwaka majirani zetu Watanzania walipofunga mizigo, mume wangu alijitia kuwa na kazi nyingi. Watoto walipouliza kwa nini hatuendi kwa Babu, aliwapeleka kuogelea.

Jani kwenye glasi

Mwezi wa Novemba 2018, kijana mmoja wa ukoo wao aliyekuja Nairobi kwa shughuli zake alileta kifurushi kidogo kilichofungwa kwa gazeti. Mume wangu alikuwa kazini. Nilifungua nikakuta majani marefu ya kijani, mabichi bado. Mimi mzaliwa wa Nakuru nilijua majani ya aina ile kama mapambo tu, yale yanayopandwa mbele ya maofisi. Nikayatia katika glasi ya maji, nikaiweka juu ya meza ya televisheni, nikaendelea na mapishi yangu.

Mume wangu aliingia jioni, akaliona lile pambo langu, akaketi kitini bila kuvua viatu. Kwa muda mrefu hakusema neno. Kisha akauliza, "Hili isale limeletwa na nani?"

Ndipo nikafunzwa. Isale ni mmea ambao Wachaga hupanda kwenye mipaka ya vihamba na kandokando ya makaburi. Jani lake ndilo ombi la msamaha. Mtu aliyekosana na mwenzake, hata kama kosa ni zito kiasi gani, humpelekea isale, na aliyepelekewa hana ruhusa ya kukataa kusamehe. Anaweza kunung'unika na anaweza kudai fidia, lakini kukataa hawezi.

Kilichomvunja nguvu mume wangu ni kwamba isale hupelekwa na aliyekosa. Yeye ndiye aliyemkosea baba yake, na yeye ndiye aliyepaswa kulituma. Sasa mzee wa miaka zaidi ya 70 alikuwa amemtangulia mwanawe.

Safari

Tuliondoka Nairobi tarehe 22 Desemba 2018, tukapitia Emali na Loitokitok, tukavuka mpaka pale Tarakea na kuuzunguka mlima kupitia Rombo na Mwika hadi Marangu. Kibo, kilele kirefu kuliko vyote barani Afrika chenye mita 5,895, kilikuwa kimejifunika mawingu. Mawenzi pekee ndiyo iliyoonekana, na yale majabali yake yaliyochongoka kama meno yaliyovunjika.

Kando ya barabara kila boma lilikuwa na gari au mawili, mengi ya namba za mbali. Vijana walikuwa wakipaka nyumba rangi. Harufu ya mbege ilikuwa ikitoka uani. Pombe hiyo hutengenezwa kwa ndizi mbivu zilizopikwa na kuchachishwa, halafu huchanganywa na uji wa kimea cha ulezi. Gamba la mti wa msesewe hutiwa ili kuipa uchungu. Haipikwi kwa siku moja. Ukiikuta tayari, ujue mwenyeji alianza kukungoja siku nyingi.

Baba mkwe alitukuta langoni. Nilimwamkia, "Shikamoo, baba."

"Marahaba, mama. Karibu nyumbani." Kisha akawashika wajukuu wake vichwani, mmoja mkono huu, mwingine mkono huu. Kwa mwanawe alisema tu, "Umefika." Naye akajibu, "Nimefika." Hapakuwa na kukumbatiana wala machozi ya sinema.

Usiku ule, karibu na moto, mzee aliwasimulia watoto kisa kinachojulikana sana huko. Kibo na Mawenzi walikuwa majirani. Moto wa Mawenzi ukazimika, akaenda kuomba makaa kwa Kibo, akapewa. Akaomba tena na tena, hata Kibo akakasirika, akatwaa mchi na kumpiga nao. Ndiyo sababu Mawenzi amechanika vile hadi leo.

Binti yangu akauliza, "Babu, ni nani aliyekosa?"

"Wote wawili," mzee akajibu. "Ndiyo sababu hakuna aliyeanza."

Mume wangu alikuwa akichochea moto ambao haukuhitaji kuchochewa.

Sikukuu yenyewe sitaieleza kwa urefu. Asubuhi ya Krismasi makanisa yalifurika, maana wamisionari wa Kilutheri na wa Kikatoliki waliingia mlimani mwishoni mwa karne ya 19 na dini ikashika mizizi. Baada ya ibada palikuwa na mnada nje ya kanisa, waumini wakishindania mikungu ya ndizi na kuku waliotolewa sadaka, jogoo mmoja akiuzwa mara tatu kwa kuwa kila aliyemnunua alimrudisha apigwe mnada tena. Nyumbani wanaume walichinja mbuzi juu ya majani ya mgomba. Tukala mtori, ndizi kwa nyama na kisusio, ule mchuzi wa damu ambao nilifumba macho nikaumeza kwa heshima ya ndoa yangu. Kwa jirani kulikuwa na ubatizo, ng'ambo ya mto harusi. Shughuli hizo zote huwekwa Desemba kwa kuwa ndio mwezi ambao watu wote wapo.

Kikao

Tarehe 26 ndiyo niliyofichiwa na wanaosifu sherehe hii kwa nyama na pombe. Siku hiyo, baada ya staftahi, ukoo mzima uliketi chini ya mti. Baba mkubwa, kaka yake baba mkwe, ndiye aliyeongoza. Mbege ilitolewa kwa kata, na aliyeigawa akaionja kwanza mbele ya watu ili kila mmoja aone kwamba haina hila.

Kisha mambo yakaanza kutajwa moja baada ya jingine. Ni nani aliyeahidi saruji ya kujengea kaburi la bibi na hakuleta? Kijana fulani ameacha shule kwa nini? Shemeji yangu mmoja aliulizwa juu ya ulevi wake, mkewe akiwepo, na alijibu. Deni la ng'ombe la miaka miwili lilimalizwa kwa dakika kumi. Ungedhani ni mahakama, ila hakimu alikuwa babu yao na hapakuwa na wakili.

La mume wangu liliwekwa mwisho. Alisimama, akatoa mfukoni jani la isale alilolichuma mwenyewe alfajiri ile, akampa baba yake kwa mikono miwili. "Nilikiita ploti, baba," akasema. Hakuweza kuongeza jingine.

Mzee alilipokea. "Na mimi maneno niliyokutamkia yalikuwa makubwa kuliko shamba," akasema. "Shamba haliuzwi. Lakini mlango haukufungwa. Kesho uamke mapema, mibuni ina magugu."

Watu wakapiga makofi, kata ikazunguka tena.

Msomaji, nilikwambia kwamba mimi pia nimo. Jioni ile niliketi jikoni na mama mkwe tukimenya ndizi, na dhamiri ikanisuta. Shauri la kuuza lilikuwa langu. Mimi ndiye niliyemwambia mume wangu usiku baada ya usiku kwamba haiwezekani sisi tupange nyumba na ardhi ikae bure na mibuni iliyozeeka. Yeye alibeba neno langu, akalipia peke yake kwa miaka sita. Nikamweleza mama yote.

Hakuacha kumenya. "Nilijua siku ile ile," akasema. "Huku sisi tunasema kiwanja. Mwanangu aliposema 'ploti', nikajua neno hilo limetoka Nairobi." Akacheka mpaka kisu kikamwanguka. Halafu akanisogezea chane nyingine ya ndizi, akaonyesha mlango kwa kidevu. "Isale liko pale uani. Halinunuliwi."

Alfajiri yake nilikata jani moja, nikamfuata baba mkwe kwenye mibuni. Alilitazama, akalitia katika mfuko wa shati kama mtu anayeweka kalamu, akaniuliza kama kwetu Nakuru kahawa inakubali. Kisha akanieleza jinsi Wachaga walivyoanzisha chama chao cha ushirika wa kahawa, KNCU, mwaka 1933, na jinsi kahawa ilivyomsomesha yeye na kumsomesha mume wangu. Mibuni niliyoiita mizee ndiyo iliyonipa mume mwenye kazi.

Tangu hapo tulirudi Desemba 2019. Ile ya 2020 tulizuiwa na corona. Tukarudi 2021. Mwezi wa Machi 2022 baba mkwe alifariki dunia. Kaburi lake liko upande ule wa barabara, pale pale nilipotaka tupauze, na masale yamepandwa kulizunguka.

Ukihesabu, tulipata Desemba tatu tu pamoja naye. Tulizipoteza sita. Najaribu kutoipiga hesabu hiyo mara kwa mara.

Wachaga wana umaarufu wa biashara, na watani husema hawafanyi jambo lisilo na faida. Nami sasa naamini hata safari hii ina faida yake. Ugomvi wa kifamilia hulelewa na umbali. Mtu akijua kwamba tarehe 26 Desemba atakaa kiti kimoja na aliyemkosea, kosa haliwezi kuota mizizi ya miaka kumi. Sherehe inarudi kila mwaka, na kila mwaka hesabu hufungwa. Sisi tuliorudi kwa kuchelewa tunajua thamani yake kuliko waliokuwepo siku zote.

Sikuambii uwe Mchaga, msomaji. Huenda kwenu hakuna isale wala mbege. Lakini hebu jiulize: mara ya mwisho ukoo wenu ulipoketi pamoja, ilikuwa ni kwa sababu gani? Kwa wengi wetu wa mjini jibu ni matanga. Tunachanga nauli, tunakodi basi, tunasafiri usiku kucha kumwendea mtu ambaye hawezi tena kusikia tulichotaka kumwambia.

Kubalianeni tarehe. Iwe Krismasi, iwe Idi, iwe likizo ya Agosti, mradi ijulikane na kila mtu na isiahirishwe. Mbuzi anaweza kukosekana. Na ikiwa yupo unayemngoja akutangulie kuomba radhi, kumbuka maneno ya yule mzee kando ya moto wake, na uanze wewe.