Gari la Msaada Halinunuliwi Mara Moja



Katika mkutano wa jumuiya yetu hapa Uingereza, lilitolewa wazo la kuchanga fedha tununue gari la wagonjwa, tulipeleke nyumbani. Ukumbi mzima ulipiga makofi. Sisi tuliosomea uhandisi tulinyamaza, na baadhi yenu mlituona wachoyo. Tunaomba nafasi tujieleze.

Mwezi Mei 2015 tulikuwa Kigoma, tukisimamia magari ya shirika moja la misaada. Warundi waliokimbia machafuko walijazana Kagunga, kijiji cha ufukweni ambacho wakati huo hakikufikika kwa gari. Meli ya Liemba iliwaleta Kigoma mjini, na kutoka hapo walipelekwa kambi ya Nyarugusu, mwendo wa kilomita 150 hivi. Kipindupindu kilikuwa kimekwisha ingia.

Wakati huohuo, uani kwetu Land Cruiser mbili zilikuwa juu ya mawe. Injini zake zilikuwa nzima. Zilikosa pedi za breki, springi na filta za hewa, vitu ambavyo vumbi na mashimo huvimaliza upesi. Mfadhili alitoa fedha za magari, fungu la spea hakuliweka.

Asubuhi moja dereva wetu alileta gari la tatu, akasema, "Mainjinia, pedali inazama." Nje kina mama na watoto walikuwa wanangoja. Tulichukua funguo, gari likabaki. Walingoja juani mpaka jioni. Mama mmoja alitutazama bila kusema neno, na macho yale hayajatutoka. Hata hivyo, tungerudi siku ile, funguo tungezichukua tena. Kosa halikuwa la asubuhi ile. Lilifanyika siku bajeti ilipoandikwa.

Basi hatupingi mchango. Tunaomba uwe wa gari pamoja na tairi, sevisi ya kila kilomita 5,000, mshahara wa dereva na ujira wa fundi, angalau kwa miaka mitatu. Tuchague gari ambalo mafundi wa kule wanalijua na spea zake zinapatikana. Na kabla ya kununua, tuulize hospitali kama halipo tayari moja lililolala kwa kukosa breki. Huenda kulifufua ni nafuu kuliko kununua jingine.

Tukishajibu hayo, nasi tutapiga makofi.