Punguza Idadi, Usipunguze Kipande

Mwaka jana mteja mmoja wa Marekani alinilipa niandike makala kuhusu blanketi za viraka. Sikuwa nimewahi kushona hata kifungo kikakaa, lakini hiyo ndiyo kazi yangu. Asubuhi mimi ni fundi wa mabomba kule Texas, jioni mimi ni nyanya wa miaka 70 anayependa sindano. Nikalipwa, nikala, nikasahau.

Kile sikusahau ni mchoro. Mteja alikuwa ametuma mchoro wa kushonea niusome: miraba 72, kila mraba na vipande tisa, tatu kwa tatu. Jumla vipande 648, futi nane kwa tisa. Blanketi la kufunika kitanda cha sita kwa sita mpaka lining'inie pande zote. Mimi nalala kwa kitanda cha tatu kwa sita ndani ya bedsita Githurai. Sita kwa sita naisikia kwa nyimbo tu.

Lakini vitambaa nilijua viko wapi. Mamangu ni fundi Kawangware, na nyuma ya kibanda chake kuna gunia. Kila kinachobaki kwa mkasi kinaingia humo: vitenge, leso, shati za mtumba, na kile kitambaa cha kijani cha sare za shule. Hicho cha kijani nakijua vizuri. Kila Januari alikuwa anakishona mpaka usiku, na ndicho kililipa karo yangu.

Niliacha chuo mwaka wa tatu. Semista ile ya mwisho alinitumia pesa kama kawaida, nami nikalipa nayo rent. Alikuja kujua nimeacha. Habari ya pesa hatukuwahi kuiongea. Tuliongea juu ya mvua, bei ya unga, ndoa za watu. Kwa hivyo nilipoenda kuomba gunia mwezi wa Machi, nilikuwa naomba vitu viwili, ingawa nilitaja kimoja.

Nilianza vibaya. Nilitaka mchoro mzima, miraba yote 72, kwa hivyo nikapunguza vipande. Mchoro ulisema ukate inchi nne na nusu. Mimi nikakata inchi moja na nusu. Hesabu yangu ilisahau kitu kimoja: mshono haupungui. Unakula robo inchi kila upande hata kipande kiwe kidogo namna gani. Kipande cha inchi moja na nusu kinabaki inchi moja, na zaidi ya nusu ya kitambaa inajificha ndani. Mraba wangu wa kwanza ulikuwa mdogo kama kiganja na mgumu kama kadibodi.

Mama aliugeuza nyuma. Mafundi huanza kuangalia nyuma.

"Hii ni mishono tu. Nguo iko wapi?"

"Nilitaka ienee, mum."

"Kama haitoshi, punguza idadi. Usipunguze kipande."

Akarudi kwa cherehani yake. Mimi nikabaki nimeshika ule mraba, nikikumbuka mwaka wa tatu. Darasa saa mbili asubuhi, makala za watu mpaka saa tisa usiku, masomo sita, hakuna hata moja nililosoma mpaka mwisho. Sikuwa nimepunguza chochote. Nilikuwa nimekata kila kitu kidogo, nikashangaa mbona nimechoka na hakuna kinachoonekana.

Nikaanza upya. Vipande vya inchi nne na nusu, miraba 20, nne kwa tano. Vipande 180 badala ya 648, blanketi la futi nne kwa tano. Mama alinionya niache kile cha kijani, kwa sababu ni poliesta na vingine ni pamba. Pasi ya moto itakiyeyusha. Kweli, kimoja kiling'aa kikajikunja kama plastiki. Nikajifunza kuweka leso juu yake kwanza. Kila mraba una kijani katikati. Hakuniuliza kwa nini.

Katikati nilitia blanketi kuukuu, nyuma nikaweka leso mbili zilizounganishwa, nikapitisha sindano kwa mkono kwenye tabaka zote tatu. Pindo la mwisho nililimaliza Julai, nikiwa nimekaa kibandani, vidole vimetobokatoboka.

Mama akalichukua, akaligeuza nyuma. Akapata mahali leso imekunjamana. Nikangoja aseme nifumue.

"Imeisha?"

"Imeisha. Lakini si kama ile ya mchoro."

"Mimi sijauliza ya mchoro."

Kimya. Halafu nikasema, bila kupanga, "Ile pesa ya semista nililipa rent."

Alikuwa anapitisha kidole kwenye pindo, na hakuacha. "Nilijua. Nilikuwa nangoja uniambie." Alipofika kwenye kona akaongeza, "Iliniuma, lakini."

Sikuwa na jibu, na yeye hakunitafutia. Mteja wake wa nguo ya harusi akaingia, maisha yakaendelea.

Nilidhani nitarudi nalo Githurai. Liko Kawangware. Asubuhi za Julai kibanda kina baridi, na yeye huketi nalo kwa mapaja akishona. Halimfiki miguuni. Nimemwambia nitalirefusha, akasema niliache hivyo.

Pesa namrudishia. Elfu mbili kila mwezi. Ni kidogo, lakini mwezi haupiti.