Mkono wa Mwanetu

Tunaishi Matongo, wilayani Tarime, upande wa mgodi wa dhahabu wa North Mara. Mwanetu wa tatu, mwenye umri wa miaka saba, alianguka kutoka juu ya mpera alasiri moja alipotoka madrasa. Alitanguliza mkono wa kushoto ili ajikinge, na mkono huo ndio uliovunjika, juu kidogo ya kiwiko.

Jioni ile tulifanya kosa ambalo hatulifichi. Kwa ushauri wa bibi yake tulimwita mzee anayesifika kwa kuunga mifupa. Aliukanda mkono kwa mafuta ya moto, kisha akaufunga kwa vijiti na vitambaa, akakaza. Mtoto alilia hadi sauti ikamkauka, nasi tukamhimiza asubiri. Tulipoamka kwa ajili ya Swala ya Alfajiri, tulivikuta vidole vyake vimevimba, vya baridi, na rangi imegeuka. Tulivikata vile vitambaa kwa wembe kabla hata ya kutawadha.

Zahanati ilituandikia rufaa, na waumini wakatuchangia nauli. Jioni tulikuwa Mwanza, katika Hospitali ya Bugando. Daktari alitafuta kwanza mapigo ya mshipa wa damu kwenye kifundo cha mkono, akayapata, hafifu. Kisha akamwomba mtoto aunganishe ncha ya kidole gumba na ya kidole cha shahada, afanye duara. Hakuweza. Mshipa wa fahamu unaopita mbele ya kiwiko ulikuwa umeumia.

Tulielezwa kwamba mvunjiko huu ndio ulio mwingi zaidi katika viwiko vya watoto, hasa wa miaka mitano hadi saba, na kwamba hatari yake kubwa si mfupa wenyewe. Mkono uliovimba ukifungwa kwa kukazwa, damu hukosa njia. Ndani ya saa chache misuli huanza kufa, kisha husinyaa na kuvikunja vidole kama kucha za mwewe, maisha yote. Mjerumani Richard von Volkmann aliyaeleza hayo tangu mwaka 1881. Sisi tuliyasikia tukiwa tumesimama kando ya kitanda cha mtoto wetu, na hatukuthubutu kutazamana.

Wapo watakaoona tunamsengenya yule mzee. Hatumtaji, wala hatudhani alikusudia ubaya. Mifupa ya watoto huunga upesi hata ikiachwa, na hapo ndipo sifa za wengi kama yeye hukulia.

Tulitia saini, mtoto akapewa nusukaputi. Hawakumpasua: waliuvuta mfupa hadi ukarudi mahali pake huku wakiutazama kwa eksirei, wakapitisha pini mbili nyembamba za chuma kwenye ngozi hadi ndani ya mfupa. Ncha zake ziliachwa nje, zikafunikwa kwa bandeji na nusu ya hogo. Alhamdulillah, vidole vilirudi kuwa na joto usiku uleule.

Nyumbani aliuliza ataswali vipi, kwani ndiyo kwanza tulikuwa tumeanza kumwamrisha swala. Ustadhi wake alimfundisha kupangusa maji juu ya bandeji, naye akawa anawafundisha wenzake kwa majivuno kidogo.

Baada ya wiki nne pini zilitolewa, kwa yowe moja tu. Kiwiko kilikuwa kigumu kama mpini wa jembe. Bibi alikwisha nunua mafuta. Tukamzuia kwa adabu, kwa sababu daktari alitukataza kabisa kukanda wala kukinyoosha kwa nguvu, akisema huweza kuotesha mfupa ndani ya misuli. Mtoto aachwe acheze, ale, achote maji kwa kikombe. Kuacha tu! Hakuna tiba iliyotushinda subira kama hiyo.

Katika mwezi wa tatu, tukiwa kwenye chakula cha usiku, aliinua mkono wa kushoto na kutuonyesha duara, kidole gumba na cha shahada vikigusana. Mama yake aliondoka kwenye mkeka bila kusema neno. Kiwiko bado hakijanyooka sawasawa na mwenzake, na tumeagizwa turudi Mwanza kikapimwe.