Njia ya Gety: kazi gani tuwafundishe vijana wetu?



Ukitoka Bunia kwenda Gety unapitia Bogoro. Ni karibu kilomita 60, lakini mvua ikinyesha pikipiki inakuchosha kama umefanya mia. Pale Bogoro njia inagawanyika: moja inateremka Kasenyi kwenye samaki wa Ziwa Albert, nyingine inaendelea kusini katika sheferi ya Walendu Bindi, teritware ya Irumu. Huko ni vilima, muhogo, maharagi, na wamama wenye vikapu mgongoni.

Wengi wetu tulijua jina la Gety kwa mabaya. Mwaka 2006 makumi ya maelfu ya watu walikimbilia pale. Lakini ni pale pale Gety, tarehe 28 Februari 2020, serikali na kundi la FRPI walitia sahihi mapatano ya amani: wapiganaji waache silaha, warudi katika maisha ya raia. Hilo linatuhusu sana, kwa sababu kijana akirudi bila kazi, anarudi kwenye sahani ya mama yake. Na Ituri si mara ya kwanza. Mwaka 2004 na 2005 watu zaidi ya 15,000 waliweka silaha chini, na bado tuliona wengine wakirudi msituni.

Miradi ikifika, mara nyingi inaleta mafunzo yale yale: kushona, useremala, kutengeneza sabuni. Si kazi mbaya. Lakini fanya hesabu ya masini ya kushona katika kituo kidogo kama Gety. Septemba shule zinafunguliwa, kila mtoto anataka nguo nyeupe na buluu, fundi halali. Baadaye sikukuu. Katikati, masini inafunikwa kitambaa. Ukifundisha washonaji 30 mahali penye kazi ya watano, umefundisha 25 kuuza masini.

Ng'ambo ya ziwa kuna mfano. Mwaka 2008 serikali ya Uganda iliwapa vijana wa kaskazini, kwa vikundi, karibu dolari 400 kila mtu. Wenyewe wakachagua ufundi na kununua vyombo. Watafiti Christopher Blattman, Nathan Fiala na Sebastian Martinez waliwafuata. Baada ya miaka 4 mapato yao yalipita ya wenzao wasiopewa kitu kwa asilimia 38. Baada ya miaka 9 wale wenzao walikuwa wamewafikia. Kilichobaki ni mali na ufundi mikononi. Mimi naona si haba, miaka ile watoto walikula. Ila pesa ya kuanzia haitengenezi barabara, wala haileti wateja.

Turudi Bogoro. Kwa shambulio la tarehe 24 Februari 2003, Mahakama ya Kimataifa ya Jinai ilimhukumu Germain Katanga mwaka 2014. Mwaka 2017 waamuzi waliagiza fidia kwa wahanga 297: dolari 250 kila mmoja, pamoja na msaada wa nyumba, masomo, kutuliza mioyo, na kazi za kuleta mapato. Basi katika njia hii moja, mjane wa Bogoro alisaidiwa kupitia mlango mmoja, kijana aliyeacha bunduki kupitia mwingine, na mama wa Gety ambaye hakushika bunduki wala hakuandikwa mhanga anabaki nje akilima. Watatu hawa wanauziana kwenye masoko yale yale. Nani amewaketisha pamoja kuuliza soko linaweza kulisha mafundi wangapi, na wa kazi gani?

Jibu la kwanza tunalo sisi. Kikundi chenye likelemba kinajua nani anasafiri mpaka Bunia kutafuta kipuri cha masini ya kusaga muhogo, nani anakosa mwashi, samaki wanaoza siku gani kwa sababu gari halikupita. Andikeni hayo kwenye daftari, mwezi kwa mwezi, na mlipeleke kwa shefu na kwa wenye mradi kabla orodha ya mafunzo haijafungwa. Ikisha fungwa, wataleta masini za kushona.