Arequipa: Mchana Mrefu Jikoni kwa Akina Mama

Ukitaka kula chakula cha milima ya Andes kama wanavyokula wenyewe, hoteli za Lima ziache kwanza. Panda ndege ya kama saa moja na nusu kwenda kusini mwa Peru, ushukie Arequipa. Mji huu uko mita 2,300 hivi juu ya usawa wa bahari, chini ya volkano Misti yenye mita 5,822. Majengo yake ya zamani ni ya mawe meupe yaliyotokana na volkano, na mwaka 2000 UNESCO iliuingiza mji mkongwe kwenye urithi wa dunia. Majengo mazuri, sawa, ila mimi na baba watoto tulifuata sahani.

Picantería, usiseme mgahawa

Sehemu za kula unazotakiwa kuulizia zinaitwa picantería, jina linalotokana na vyakula vya pilipili. Zilianza kama nyumba za akina mama wauza chicha, pombe ya mahindi. Ile ya Arequipa hutengenezwa kwa mahindi meusi yaliyooteshwa kisha yakasagwa. Kwa anayejua kimea, hapo hakuna jipya. Wanywaji walitaka kitu cha kutafuna, basi sahani zikaongezeka. Mpaka leo jiko ni la mama, na binti hulirithi. Mwaka 2014 serikali ya Peru ilizitangaza picantería za Arequipa kuwa urithi wa utamaduni wa taifa.

Uagize nini?

Anzia Yanahuara, ng'ambo ya mto Chili, kwenye La Nueva Palomino ya Mama Mónica Huerta. Agiza rocoto relleno. Kwa sura ni pilipili hoho kabisa, lakini ukiipasua mbegu ni nyeusi, na ukali wake usipime! Wanaichemsha kupunguza makali, wanaijaza nyama, wanaweka jibini juu na kuioka. Inakuja na viazi vilivyookwa kwa maziwa na jibini, vya kukupoza ulimi.

Kuna ocopa, viazi vilivyomwagiwa rojo zito la karanga, jibini na pilipili kavu. Kuna saladi ya maharage mabichi mapana, mahindi, jibini na zeituni inayoitwa solterito, yaani kapera mdogo! Ndugu zangu wa Iringa na Njombe watafurahi kusikia kwamba simbilisi yupo pia, amelazwa chini ya jiwe na kukaangwa mpaka ngozi inalia kwa meno. Asili ya mnyama huyu ni huko huko Andes, kama ilivyo kwa viazi mviringo.

Supu zina ratiba. Jumanne ni chairo, yenye chuño, viazi vilivyogandishwa na baridi ya usiku kisha vikakaushwa juani. Ijumaa ni chupe ya kamba wa mtoni. Ila Januari mpaka Machi kamba hao huzuiwa kuvuliwa ili wazaane, kwa hiyo panga safari yako vizuri.

Meza ya watu wote

La Capitana ndipo nilipopapenda zaidi. Meza ni ndefu, viti ni mabenchi, unakaa unapopata nafasi. Wapenzi mliozoea meza ya wawili na mshumaa, hapa hamna. Upande mmoja nilikuwa na mzee mwenye tai, upande wa pili vijana wenye vumbi la kazi, na chicha ikizunguka. Sio siri, nyumbani mimi na mwenzangu chakula cha mchana hatuli pamoja, kila mtu na kazi yake. Pale tulikaa kuanzia saa saba mpaka saa kumi, simu ziko mfukoni, tunaongea. Mambo ambayo yalikuwa yakisubiri muda mrefu yaliongelewa pale.

Jiwe na blenda

Ulizia kitu kimoja kabla ya kuagiza: rojo limesagwa kwa nini? Jiko la asili lina batán, jiwe pana la chini na jingine zito la juu linaloyumbishwa kwa mikono miwili. Rojo lake lina chembechembe na ladha ya pilipili inabaki. Blenda inalainisha kila kitu kama uji. Lakini jiwe linataka mgongo na mabega. Katika jiko moja nilimkuta binti anayesoma uhasibu. Wikiendi anarudi kusaga kwa sababu mama yake magoti yamechoka. Nilimuuliza kama atalirithi jiko. Alicheka, akamtazama mama yake, akaendelea kusaga. Tangazo la serikali haliwezi kumjibia.

Kabla hujaondoka

Jumapili asubuhi mapema nenda Cayma ukale adobo, kitimoto kilicholala usiku kucha kwenye machicha ya chicha kisha kikapikwa chunguni. Chovya mkate. Usiyekula nguruwe, pitia soko la San Camilo kwa juisi na viazi vya kila rangi. Malizia na queso helado, maana yake jibini iliyogandishwa, japo ndani ni maziwa na mdalasini, jibini hamna.

Picantería nyingi hufunga jioni mapema, kwa hiyo fika mchana ukiwa na njaa. Na ukikuta rojo limesagwa kwa jiwe, lipia bila kulalamika bei. Yule binti anahesabu, na anasomea kuhesabu.