Kufuli la Swichi

Baba mdogo ana vidole vitatu tu mkono wa kulia. Alikuwa anabadilisha mkanda wa mashine ya kusaga. Umeme kazima mwenyewe, ila swichi iko chumba cha mbele. Mteja kaja na debe la mahindi, kijana wa kupokea kawasha. Basi.

Mtaani walisema uzembe. Uzembe wa nani, jamani? Kufuli moja kwenye swichi, ufunguo mfukoni mwa fundi, lingetosha. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ni ya 2003. Ajali hii ni ya mwaka juzi.

Mwezi ujao naenda BTP kufundisha fizikia, mada ni mashine rahisi. Kwenye andalio la somo nimeandika: kufuli. Baba mdogo kakubali kuniazima la kwake, siku moja tu, bado anasaga.