Kila Kuchelewa Kuna Mahali Pake



Juma hili nimeona niwashirikishe jambo la nyumbani kabisa, ambalo kwa nje laonekana kuwa la mafundi peke yao. Nalo ni hili: kwa nini mafaili huchukua saa nyingi mno kufika katika kile kifaa cha kuhifadhia kumbukumbu ambacho familia imekiweka ndani ya nyumba na kukiunganisha na mtandao wake? Nalileta kwenu kwa sababu siku hizi familia nyingi zina hazina ya namna hiyo: picha za harusi, video za misiba, sauti za wazee, hati za viwanja zilizopigwa picha. Na mara nyingi hazina yote hiyo imo katika simu moja, au katika kompyuta moja tu.

Nyumbani kwa dada yangu hali ilikuwa ndiyo hiyo. Kwa muda wa miaka saba mpwa wangu alikuwa akimrekodi bibi yake, yaani mama yetu mzazi, akisimulia habari za ukoo, akitaja mipaka ya kihamba, akieleza jinsi kahawa ilivyochumwa na kuanikwa enzi za usichana wake. Mama alipofariki, rekodi zile zikawa ndiyo sauti yake pekee tuliyobaki nayo. Video na picha kwa jumla zilifikia gigabaiti 400, na zote zilikuwa katika kompyuta mpakato ya kijana huyo. Basi ndugu tukachangishana, tukanunua kifaa kidogo chenye diski mbili zinazoandikwa yaleyale, ili moja ikifa nyingine ibaki.

Usiku wa kwanza mpwa wangu alianza kunakili baada ya chakula. Kompyuta ikamwambia kazi itachukua zaidi ya saa 10. Kabla ya alfajiri umeme ukakatika. Usiku wa pili mambo yakawa yaleyale. Siku ya tatu akanijia, akasema: “Mjomba, tuliache kwanza jambo hili. Hata hivyo ziko salama kwenye kompyuta yangu.”

Ndugu zangu, maneno hayo ndiyo yaliyonishtua, kuliko hata zile saa kumi. Kazi inayokwenda polepole mno haituudhi tu, bali hutushawishi tuiache, na tukishaiacha twajiambia kwamba hapana haraka. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Siku hizi hata daftari lenyewe laweza kupotea bila habari, likiwa limeandikwa mahali pamoja. Ndiyo maana sikukubali tuliache. Nilimwomba tukae chini, tutafute ni wapi hasa mzigo unachelewa.

Jambo la kwanza la kuelewa ni kwamba mafaili yanayotoka kompyuta ya sebuleni kwenda kifaa cha chumba cha pili hayapiti kwenye intaneti hata kidogo. Yanapita katika waya na hewa ya nyumba yenyewe. Hata kama bando limekwisha, yataendelea kwenda. Kwa hiyo kulipia intaneti yenye kasi zaidi hakutasaidia chochote. Nimewaona watu wakitoa fedha kila mwezi kwa ajili ya kuponya ugonjwa usiokuwepo, na ule uliopo ukabaki palepale.

Jambo la pili ni vipimo. Wauzaji wa vifaa vya mtandao hupima kasi kwa biti, lakini kompyuta ikinakili mafaili hutuonyesha baiti. Na biti 8 hufanya baiti 1. Basi waya wa megabiti 100 kwa sekunde hauwezi kupitisha zaidi ya megabaiti 12 na nusu kwa sekunde, na kwa kawaida hupitisha kama 11. Mtandao wa gigabiti 1, ambao kiwango chake cha kupita katika waya wa shaba kilipitishwa mwaka 1999, huweza kupitisha kiasi cha megabaiti 110 kwa sekunde. Tofauti hiyo si ndogo. Gigabaiti 400 kwa mwendo wa kwanza ni saa 10. Kwa mwendo wa pili ni saa 1 na dakika chache.

Tulipotazama namba iliyokuwa ikionyeshwa wakati wa kunakili, ilikuwa 11, na dakika kumi baadaye ilikuwa 11 vilevile. Kutulia huko kulitueleza jambo. Mwendo unaopanda na kushuka aghalabu hutoka kwenye Wi-Fi, au kwenye diski, au kwenye mafaili yenyewe. Mwendo uliotulia kwenye 11 karibu kila mara maana yake ni kwamba mahali fulani njiani pana kipande cha megabiti 100, na mzigo wote umelazimika kufuata mwendo wa kipande hicho. Maji ya bomba pana yakipita katika mpira mwembamba hutoka kwa kadiri ya mpira ule, hata kama tangi limejaa.

Lakini vifaa vyote vya nyumba ile vilikuwa vya gigabiti. Basi kipande hicho kilikuwa wapi? Hapa yafaa tujue kilichomo ndani ya waya wa mtandao. Ndani yake mna nyuzi nane, zilizosokotwa mbilimbili, yaani jozi nne. Mawasiliano ya megabiti 100 yanahitaji jozi mbili tu. Ya gigabiti yanahitaji zote nne. Uzi mmoja ukikatika kwa kubanwa na mlango, au kutafunwa na panya, au kutofungwa vizuri kwenye plagi, vifaa vingi havitoi malalamiko yoyote. Hukubaliana kimya kimya kushuka hadi megabiti 100, na kazi ikaendelea. Mwenye nyumba haoni kosa lolote, huona uchelewaji tu.

Tulifungua ukurasa wa mipangilio ya mtandao katika kompyuta, mahali panapoonyesha kasi ya muunganisho. Pakaandikwa 100 badala ya 1000. Tukabadilisha waya mfupi uliotoka kompyuta hadi kwenye soketi ya ukutani, bado 100. Hatukugusa kitu kingine kwanza, maana ukibadilisha vitu vitatu kwa mpigo hutajua ni kipi kilichoponya. Kisha tukaifungua soketi yenyewe. Ndani tukakuta nyuzi nne tu zimeunganishwa. Fundi aliyejenga mtandao wa nyumba alikuwa amegawa waya mmoja katika soketi mbili, nyuzi nne huku na nyuzi nne kule. Kwa megabiti 100 ufundi huo hufanya kazi bila taabu. Kwa gigabiti hauwezekani.

Hatukuwa na haja ya kubomoa ukuta usiku ule. Mpwa wangu aliichukua kompyuta yake hadi chumba chenye ruta na kifaa kile, akaiunganisha kwenye ruta kwa waya mfupi mzima. Namba ikawa 1000. Tulipoanza tena kunakili, mwendo ukapanda kupita megabaiti 100 kwa sekunde, na video zote za bibi yake, ambazo ndizo zilizokuwa sehemu kubwa ya mzigo, zikafika kwa muda wa saa moja hivi.

Zilipofika zamu ya picha, mwendo ukashuka tena, na kijana akashtuka. Hapo hapakuwa na ugonjwa. Picha zile zilikuwa kama 15,000, na kila faili, hata likiwa dogo namna gani, lina taratibu zake: lifunguliwe, liandikwe jina, liwekewe tarehe, liangaliwe ruhusa, kisha lifungwe. Kubeba gunia la mahindi kwa safari moja si sawa na kubeba mahindi hayohayo punje moja moja, ingawa uzito ni uleule. Ndiyo sababu jaribio la kwanza la mwenye tatizo hili liwe ni kunakili faili moja kubwa, kama video. Faili kubwa likienda kwa kasi na madogo yakasuasua, mtandao wenu ni mzima. Mnaweza kuyafunga madogo yawe faili moja kabla ya kuyatuma, au mkavumilia tu. Sisi tulivumilia karibu nusu saa.

Si kila nyumba itakuwa na kasoro hiyo ya soketi, kwa hiyo niongeze mahali pengine ambapo mzigo huchelewa. Wa kwanza kushukiwa ni Wi-Fi. Hewa ni njia moja inayotumiwa na wote: simu, runinga na kompyuta hupeana zamu, na ukuta wa matofali mazito hupunguza nguvu ya mawimbi. Iwapo kompyuta na kifaa vyote viwili vimeunganishwa kwa Wi-Fi, kila faili linapita hewani mara mbili, kwanza kwenda kwenye ruta, kisha kutoka kwenye ruta. Kwa kunakili mzigo mkubwa, hasa mara ya kwanza, tumieni waya.

Wa pili ni diski. Zipo diski ambazo mistari yake ya kuandikia hupandana kama mabati ya paa. Kubadili bati la chini hakuna budi kuinua lililolala juu yake. Vivyo hivyo diski hizo, zikitakiwa kubadili mstari mmoja, hulazimika kuandika upya na majirani zake. Huanza kazi kwa kasi nzuri, kisha baada ya kuandika kwa muda mrefu hushuka vibaya. Kabla ya kununua, ulizeni diski ni ya aina gani. Diski iliyojaa karibu kufurika nayo huchelewa, na kifaa kipya kinachoendelea kupanga diski zake au kutengeneza picha ndogo za utambulisho hugawa nguvu zake. Vilevile programu ya kuzuia virusi hukagua kila faili linalopita.

Mtajuaje kama kosa ni la mtandao au la diski? Iko programu ya bure iitwayo iperf3. Huwekwa pande zote mbili, nayo hutuma data kutoka kumbukumbu ya upande mmoja hadi ya upande wa pili bila kugusa diski. Kwenye mtandao wa gigabiti ikionyesha kiasi cha megabiti 940 kwa sekunde, acheni kuhangaika na waya, geukieni diski. Ikionyesha 94, basi mpira mwembamba bado uko njiani.

Na kwa sisi ambao umeme hutukatikia, yatupasa kujua jambo moja zaidi. Kunakili kwa kuburuta folda kwa kipanya hakukumbuki vizuri palipoishia. Ndani ya Windows imo programu iitwayo Robocopy, na watumiaji wa Linux wanayo rsync. Hizi, zikianzishwa tena baada ya umeme kurudi, huruka mafaili ambayo tayari yamefika na kuendelea na yaliyobaki. Kama mpwa wangu angeendelea kwa mwendo uleule wa 11, lakini kwa programu ya namna hii, angemaliza kwa siku mbili au tatu bila kuanza upya kila usiku.

Mwisho, kufika si sawa na kufika salama. Tulihesabu mafaili ya pande zote mbili, tukalinganisha ukubwa, kisha tukafungua rekodi kadhaa za mwanzo, za katikati na za mwisho, tukazisikiliza. Hatukufuta chochote kwenye kompyuta. Wala tusidanganyike kwamba diski mbili ndani ya kifaa kimoja ni nakala mbili: mwizi akibeba kifaa amebeba zote, moto ukiwaka umechoma zote, na mtu akifuta faili kwa bahati mbaya limefutika kote kote. Kwa hiyo nakala nyingine tuliiweka katika diski ya nje, nayo ikapelekwa nyumbani kwa kaka yetu mkubwa, wilaya nyingine.

Wapendwa, wengi wetu tukiona jambo linachelewa hukimbilia moja kati ya mawili: kununua kifaa kipya, au kukata tamaa. Yote mawili huturuhusu tusiangalie. Kuchelewa hakukai kila mahali. Kunakaa mahali fulani, katika kipande fulani cha njia, na hupatikana kwa kupima kipande kimoja baada ya kingine, na kuandika namba mlizoziona. Katika nyumba ya dada yangu kulikuwa katika nyuzi nne ambazo hazikuunganishwa, na kuligunduliwa kwa bisibisi moja na jioni moja.

Basi juma hili, kila mwenye sauti ya mzee wake ndani ya simu aulize: ipo mahali pangapi? Kama ni pamoja tu, aanze kunakili leo. Na kazi ikienda polepole, asiiache, bali atafute ni wapi inapochelewa.